Upepo Usiotajwa Jina

Siku ya Jumatano, tarehe 18 Machi 1925, yapata saa saba za mchana, wingu jeusi liligusa ardhi katika vilima vya Ozark, karibu na mji mdogo wa Ellington katika jimbo la Missouri, Marekani. Saa tatu na nusu baadaye, lilipotoweka juu ya mashamba ya Indiana, lilikuwa limekwisha kukata majimbo matatu kwa mstari ulionyooka mithili ya uliopigwa rula, na watu 695 walikuwa wamekufa. Haukupata kutokea katika nchi ile, kabla wala baada ya siku hiyo, upepo wa aina yake ulioua watu wengi kiasi hicho kwa pigo moja. Waandishi wa historia wameuita Tornado ya Majimbo Matatu. Wale uliowaua hawakupata kulisikia jina hilo, na hata neno lenyewe, tornado, hawakulisikia siku ile kutoka kwa mtu yeyote aliyekuwa na wajibu wa kuwaambia.

Mwambao wa Afrika Mashariki haukupungukiwa majina ya pepo. Nahodha aliyelelewa baharini alijua kusi na kaskazi, matlai na umande, na kila jina lilimfahamisha la kufanya: lini atweke tanga, lini ajizuie bandarini. Kwa pepo za maangamizi kuna tufani, neno lililotoka katika Kiarabu, ambako lilibeba kumbukumbu ya gharika ya Nabii Nuhu. Kuna kimbunga na dhoruba. Na kwa upepo unaojizungusha, ukichukua vumbi na majani makavu, kuna chamchela na kisulisuli. Huo wa mwisho ndio watoto walioonywa na wakubwa zao wasiuingilie, kwani ndani yake, waliambiwa, mna shetani anayepita na safari zake. Lakini kisulisuli cha uwanjani huinua kanga iliyoanikwa, nyumba hakiiwezi. Ama kimbunga cha baharini, kama kile kilichoipiga Unguja mwezi wa Aprili 1872, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa na kuvunja merikebu za Sayyid Barghash huku Pemba ikisalimika, hicho ni kitu kingine tena. Huwa na upana wa mamia ya kilomita, huzaliwa juu ya maji ya moto ya bahari, na huishi siku nyingi.

Tornado si hiki wala si kile. Ni nguzo ya upepo inayozunguka, imeshuka kutoka tumboni mwa wingu la radi hadi ikagusa ardhi. Aghalabu upana wake hauzidi mita mia chache, umri wake ni dakika, na kasi ya upepo ndani ya zile kali kabisa hupita kilomita 300 kwa saa. Huweza kuzaliwa nchi kavu, hata katikati ya bara, mbali na bahari yoyote. Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na neno hili hana budi ama kulichukua kama lilivyo, ama kukikuza kisulisuli kupita kimo chake. Katika makala haya limeachwa kama lilivyo. Lenyewe ni la kuazima hata kwa Waingereza: mabaharia wao wa karne ya 16 walilitoa katika neno la Kihispania lenye maana ya mvua ya ngurumo, tronada, kisha likachanganyika vinywani mwao na kitenzi tornar, kugeuka. Yaani neno lilizunguka kabla ya kuja kutumika kwa kitu kinachozunguka.

Kuhusu namna inavyozaliwa, yatosha kusema haya. Nyanda za kati za Marekani hazina mlima uliolala kutoka mashariki kwenda magharibi. Hewa ya vuguvugu yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Mexico bila ya kizuizi, na hewa baridi na kavu hushuka kutoka kaskazini na magharibi bila ya kizuizi. Zinapokutana katika majira ya machipuo, mawingu ya radi hujengeka kwa haraka. Na pale pepo za juu zinapovuma kwa kasi na upande tofauti na zile za chini, hewa baina yake huanza kujiviringisha kama gogo. Hewa inayopaa hulisimamisha gogo hilo. Mengi ya mawingu hayo huishia kwenye mvua ya mawe tu. Machache huteremsha mkonga.

Mtu wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa subira alikuwa mwanajeshi kijana aitwaye John Park Finley, wa Kikosi cha Ishara cha Jeshi la Marekani, ambacho wakati huo ndicho kilichokuwa na dhamana ya hali ya hewa. Alisafiri kwenda kwenye miji iliyobomolewa, akahoji walionusurika, akapima njia za uharibifu, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akatoa ripoti juu ya tornado 600. Alikusanya wasaidizi wa kujitolea zaidi ya elfu mbili wa kumwandikia barua kila waonapo wingu la ajabu. Mwaka 1884 akajaribu kutabiri. Katika majaribio 2,803, alisema mara 100 kwamba tornado itatokea. Akapatia mara 28. Kwa kuwa siku nyingi ni siku za amani, na siku hizo naye alisema "hapana", hesabu yake ilimpa usahihi wa zaidi ya asilimia 96, akajivunia. Wakosoaji wakamwonesha kwamba mtu ambaye angelala usingizi na kusema "hapana" kila siku angelipata asilimia 98. Mzaha huo ungali ukifundishwa hadi leo katika vyuo vinavyosomesha takwimu. Lakini ndani yake mna jambo la kuhuzunisha: mlalaji yule mwenye asilimia 98 asingemwokoa hata mtu mmoja, ilhali Finley, pamoja na makosa yake yote, mara 28 alisema kweli.

Mwaka 1887 wakubwa wake wakalikataza neno. Hoja ilikuwa kwamba hofu itakayoletwa na utabiri ingeleta madhara makubwa kuliko upepo wenyewe. Watu wangeacha kazi zao na kukimbia ovyo kwa jambo ambalo huenda lisitokee. Palikuwapo na hoja nyingine, ya chini kwa chini: miji ya magharibi ilikuwa ikitafuta walowezi na mitaji, na nani angelinunua kiwanja mahali ambapo serikali yenyewe imetamka kwamba mbingu hushuka? Kazi ya hali ya hewa ilipotolewa jeshini mwaka 1891 na kukabidhiwa idara ya kiraia, katazo lilirithiwa pamoja na vipimahewa na makabati. Kwa sura moja au nyingine lilidumu zaidi ya nusu karne. Kizazi kizima cha watabiri kilikua kikijua kwamba kuna neno ambalo halipaswi kuandikwa. Na kisichoandikwa, taratibu, huacha pia kuchunguzwa. Vitabu vya Finley vikakaa kwenye rafu.

Ndiyo sababu ya ukimya wa ile Jumatano ya 1925. Utabiri wa siku hiyo ulizungumzia mvua na pepo kali. Wakulima wakaenda mashambani, watoto wakaenda skuli, na wachimbaji wa makaa wa Illinois ya kusini wakateremka mashimoni.

Waliouona upepo huo wakipona, wengi wao walisimulia jambo moja la kushangaza: haukuwa na umbo. Mkonga unaojulikana katika picha, unaoning'inia kutoka mawinguni kama wa ndovu, haukuonekana. Kilichoonekana ni weusi uliolala juu ya ardhi, mpana kiasi cha kilomita moja na zaidi, ukichemka na kujikunja kama moshi au ukungu mzito, na mbele yake mvua na mawe. Mkulima aliyesimama mlangoni kwake alidhani ni mvua inayokuja. Msomaji wa mwambao hatakosa kukumbuka kisa cha kaumu ya Adi, ambao nao wingu lilipoyaelekea mabonde yao walilipokea kwa furaha wakidhani limewaletea mvua. Kufanana huko ni kwa wingu tu. Kisa hakitajwi hapa kwa kuhukumu. Watoto wa De Soto hawakuwa kaumu ya Adi.

Tena lilikuwa na haraka. Mwendo wake ulikuwa wa wastani wa kilomita 100 kwa saa, na penginepo zaidi. Gari za Ford zilizokuwa zikienda barabarani siku zile zisingeweza kuishinda mbio hata kama dereva angelijua anakimbia nini. Mji wa Annapolis, Missouri, ulibomoka karibu wote robo saa baada ya wingu kugusa ardhi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ya Missouri ilikuwa misitu na mashamba ya mbali, waliokufa katika jimbo hilo walikuwa 11. Kisha wingu likavuka mto Mississippi.

Yaliyofuata yalichukua dakika 40 hivi. Saa nane na nusu lilifika Gorham, kijiji cha reli upande wa Illinois, na Gorham ikawa haipo: zaidi ya nusu ya wakaazi wake waliuawa au kujeruhiwa. Dakika chache baadaye ilikuwa zamu ya Murphysboro, mji mkubwa kuliko yote iliyokuwa njiani, wenye karakana za treni, viwanda na skuli za matofali. Matofali hayakufaa kitu. Yaliporomoka juu ya waliojificha chini yake. Walikufa watu 234 katika mji huo peke yake, na hakuna mji mwingine wa Marekani uliopata kupoteza roho nyingi kiasi hicho kwa tornado. Upepo ulipopita ukaja moto. Majiko ya kuni na makaa yalikuwa yanawaka ndani ya nyumba zilizobomoka, na mfumo wa maji wa mji ulikuwa umeharibika, kwa hiyo wazima moto walisimama mbele ya miale wakiwa na mipira mikavu. Wapo walionaswa chini ya vifusi wakiwa hai ambao upepo uliwaacha na moto haukuwaacha.

Kutoka Murphysboro hadi De Soto ni safari ndogo. Skuli ya De Soto ilikuwa jengo la ghorofa, na kipindi cha mchana kilikuwa kinaendelea. Kuta ziliangukia ndani. Watoto 33 waliuawa katika jengo hilo, kati ya watu 69 waliokufa katika kijiji kizima, na hiyo ingali ndiyo idadi kubwa kabisa ya wanafunzi kuuawa na tornado katika skuli moja ya Marekani. Wazazi walikuja mbio na kuanza kuyaondoa matofali kwa mikono. Pia wapo waliochelewa kuja kwa sababu walikuwa wakiwafukua wengine nyumbani.

Halafu West Frankfort, na hapa historia inageuka kichwa chini. Huo ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na katika mji wa makaa kuna woga wa aina moja, unaoeleweka na kila mtu: mke husikiliza king'ora cha mgodi, kwa kuwa mauti hutoka chini, kwa gesi na mlipuko na dari inayoporomoka. Mchana ule mamia ya wanaume walikuwa chini ya ardhi. Kitu walichokihisi ni kukatika kwa umeme. Taa zilizimika, lifti za kuwapandishia zikasimama, na ikawabidi wapande kwa njia nyembamba ya dharura. Walipofika juu walikuta mtaa mzima wa nyumba zao haupo. Sehemu kubwa ya waliokufa na kujeruhiwa West Frankfort ilikuwa ni wanawake na watoto. Wanaume walionusurika walinusurika kwa sababu walikuwa mahali pale ambapo kila asubuhi wake zao walikuwa wakiwaombea watoke salama.

Wingu likapita Parrish, kijiji ambacho hakikupata tena kusimama kama kilivyokuwa, likakata mashamba ya mashariki ya Illinois, likavuka mto Wabash na kuingia Indiana. Griffin iliharibiwa kiasi kwamba wenyeji walishindwa kutambua barabara ilipita wapi. Princeton ilipigwa sehemu yake ya kusini. Kisha, kiasi cha saa kumi na nusu za alasiri, upande wa kusini-magharibi wa Petersburg, wingu likajiinua na kutawanyika. Illinois ilikuwa imepoteza watu 613, Indiana 71. Waliojeruhiwa walizidi elfu mbili, na nyumba zilizobomoka zilikisiwa kuwa elfu kumi na tano.

Usiku ule ulikuwa wa taa za mkono. Simu na telegrafu zilikuwa zimekatika, na habari zilipelekwa na treni zilizoweza kupita. Majeruhi walilazwa sakafuni mwa mabehewa na kuchukuliwa hadi Carbondale na miji mingine iliyosalimika; madaktari na wauguzi waliletwa kwa reli kutoka mbali, hata Chicago; Msalaba Mwekundu ukapiga mahema. Mwezi wa Machi baridi haijaondoka katika nchi hizo, na wengi waliolala nje usiku huo walikuwa wamelowa. Siku zilizofuata zilikuwa za mazishi. Mji mdogo hauna mafundi wa kutosha kuchonga majeneza mia mbili kwa wiki moja. Hauna pia watu wa kutosha wa kuzika, pale ambapo wachimba makaburi wenyewe ni wafiwa.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba njia ya upepo huo ilikuwa na urefu wa kilomita 352 bila ya kukatika, rekodi isiyofikiwa na nyingine yoyote duniani. Wataalamu wa baadaye walitilia shaka: huenda zilikuwa tornado kadhaa zilizofuatana, zikizaliwa na wingu moja, na macho ya 1925 hayakuweza kutofautisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, baada ya kupitia upya magazeti, barua na simulizi za wazee, ulikubali kwamba kipande cha kiasi cha kilomita 280 inaelekea kilikuwa cha tornado moja. Hata kwa hesabu hiyo iliyopunguzwa, rekodi inabaki palepale.

Mtu angelidhani kwamba vifo 695 vingetosha kulifungua neno. Havikutosha. Ilibidi zipite zaidi ya miaka 20, na lililolifungua hatimaye ni ndege za kivita. Usiku wa tarehe 20 Machi 1948 tornado ilipiga kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma, na kuharibu ndege zenye thamani ya mamilioni ya dola. Utabiri wa jioni ile haukuwa umetaja chochote. Majenerali wakawaagiza maofisa wawili wa hali ya hewa wa kambi hiyo, Ernest Fawbush na Robert Miller, watafute njia ya kujua mapema. Walikaa na ramani za zamani, pamoja na kazi za waliowatangulia. Siku tano tu baadaye, tarehe 25 Machi, ramani ya mchana ilifanana mno na ile ya tarehe 20. Mkuu wao akawauliza swali la moja kwa moja. Kusema ndiyo ilikuwa ni kusema kwamba kambi ileile itapigwa mara mbili kwa wiki moja, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingelikubali. Wakasema ndiyo. Ndege zikaingizwa ndani, watu wakaondolewa katika majengo dhaifu. Miller alirudi nyumbani akiwaza ni kazi gani nyingine atafanya baada ya aibu ile. Saa kumi na mbili jioni tornado ikapita ndani ya kambi. Hakuna aliyekufa.

Huo ndio utabiri wa kwanza wa tornado kutolewa kwa mahali maalumu na kutimia, na raia hawakuambiwa, kwa kuwa ulikuwa wa jeshi. Habari zilipovuja, watu wa Oklahoma wakataka kujua kwa nini ndege zinastahiki kuonywa na watoto wao hawastahiki. Swali hilo halikuwa na jibu la heshima. Mwezi wa Julai 1950 mkuu wa idara ya hali ya hewa, Francis Reichelderfer, aliwaandikia watabiri wake kuwafahamisha kwamba hakuna tena katazo la kulitumia neno.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi, nayo yanajulikana: rada, mitandao ya waangalizi wa kujitolea, ving'ora vya mitaani. Anayestahili kusimamiwa kidogo ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyehamia Chicago mwaka 1953, ambaye mwaka 1971 alitoa kipimo cha ukali wa tornado kinachobeba jina lake, kuanzia F0 hadi F5. Agosti 1945 alikuwa akiishi Kokura. Mji huo ndio uliolengwa kupigwa bomu la pili la atomiki, lakini siku hiyo anga yake ilifunikwa na mawingu na moshi, rubani hakuona shabaha, na bomu likapelekwa Nagasaki. Wiki chache baadaye Fujita alitumwa kuchunguza magofu ya Nagasaki na Hiroshima, akajifunza kusoma, kwa jinsi miti na nguzo zilivyolala, pigo lilitoka wapi na kwa nguvu gani. Elimu hiyo ndiyo aliyokwenda kuitumia katika mashamba ya mahindi ya Marekani. Mtu aliyeokolewa na wingu alitumia maisha yake yote kuchunguza mawingu yanayoua.

Lakini tornado si mali ya Marekani peke yake, na iliyoua watu wengi kuliko zote duniani haikutokea huko. Ilitokea Bangladesh, tarehe 26 Aprili 1989, katika wilaya ya Manikganj, jioni. Daulatpur na Saturia zilifutika. Waliokufa wanakisiwa kuwa 1,300, waliojeruhiwa 12,000, na walioachwa bila ya makaazi 80,000. Tarehe 13 Mei 1996 nyingine ilipiga Tangail na maeneo jirani, ikaua watu 700 hivi.

Wabengali, kama watu wa mwambao, ni matajiri wa majina ya pepo. Dhoruba za ghafla za kabla ya masika huziita kalboishakhi, kutokana na Boishakh, mwezi wa kwanza wa kalenda yao, na washairi wao wameziimba, kwa sababu baada ya joto la kuchosha huleta mvua ya kwanza na harufu ya udongo. Kimbunga cha baharini nacho kina jina lake, na tangu kile cha Novemba 1970, kilichoua watu wasiopungua laki tatu, nchi hiyo imejenga mfumo wa tahadhari wenye maelfu ya watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti. Kimbunga hutangaza safari yake siku mbili au tatu kabla. Tornado hujificha ndani ya kalboishakhi, ndani ya dhoruba ileile inayongojewa kwa hamu, na hutoka kwa dakika chache. Mkulima wa Manikganj, ambako ukame ulikuwa umechukua miezi, alipoliona wingu alikuwa na kila sababu ya kushukuru. Nyumba yake ilikuwa ya mianzi, udongo na mabati, na mabati yanapopeperuka kwa kasi ile huwa panga.

Kuna tofauti moja kati ya Murphysboro na Saturia ambayo hesabu za wataalamu haziioneshi. Tarakimu 695, ingawa nayo ina wanaoijadili, ilifikiwa kwa kuhesabu mtu mmoja mmoja, mji kwa mji, hadi kwenye skuli na karakana. Tarakimu 1,300 ni ya mviringo. Hakuna msiba unaoua kwa mafungu ya mia. Tarakimu ya namna hiyo hueleza kwamba mahali fulani kuhesabu kuliachwa, kwa kuchoka au kwa kukosa karatasi, na kwamba miongoni mwa waliozikwa wamo ambao hesabu haiwajui. Vitabu vya rekodi huiweka Saturia juu kabisa ya orodha, kisha hupita haraka kwenda kwenye misiba yenye picha.

Na hata pale ambapo neno limefunguliwa, bado halikumaliza kazi. Tarehe 22 Mei 2011, Jumapili ya jioni, ving'ora vya Joplin, mji wa Missouri ileile, vililia zaidi ya dakika 20 kabla ya tornado kugusa ardhi. Finley angeliona huo ni muujiza. Walikufa watu 158. Wachunguzi walipowahoji wenyeji baadaye, waligundua kwamba wengi hawakujificha walipokisikia king'ora cha kwanza. Walitoka nje kutazama mbingu, wakafungua televisheni, wakampigia ndugu simu, wakangojea ishara ya pili. Walikuwa wamekwisha kukisikia king'ora hicho mara nyingi bila ya kutokea kitu. Kwa nchi nzima, wakati ule, takriban robo tatu ya maonyo ya tornado yalikuwa hayatimii. Waliolizuia neno mwaka 1887 waliogopa kwamba likitamkwa watu watakimbia ovyo. Kule Joplin lilitamkwa kwa sauti ya mitambo juu ya paa zote za mji, na watu wakatoka kwenda kutazama.

Miaka mia ya ile Jumatano ilitimia tarehe 18 Machi 2025. Siku nne kabla yake, usiku wa Ijumaa, kundi la tornado lilipita Missouri na kuua watu wasiopungua 12. Sita kati yao walikuwa wa wilaya ya Wayne, si mbali na Ellington, kusini kidogo ya vilima vile ambako wingu la 1925 liligusa ardhi.